Mchele Uliorudi Mapema

Sehemu ya Kumi na Nne

Wiki iliyopita tulimwacha Kokoto ameinamia darubini yake, jicho moja amelifumba. Kwenye sahani ya vipande vya mwamba alikuwa ameona punje ya kijani. Leo tunaanzia hapo hapo, kwa sababu alipogeuza sahani aliona punje zilikuwa tatu.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, Kokoto ni jina la utani alilopewa na wachimbaji. Kazi yake ni kusoma mawe. Mtambo unachoronga mlima kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme, tope linasukumwa chini kwa pampu na kurudi juu na vipande vya mwamba vinavyonaswa kwenye chekeche la waya, na yeye anaviosha, anavitazama, anasema wamefika wapi. Jiwe la kijani huzaliwa penye joto kali tu. Likionekana, mvuke hauko mbali, na kisima ni lazima kivalishwe bomba la chuma na kumwagiwa saruji kabla ya kuufikia. Ukiufikia kikiwa uchi, unatoka na kila kilicho njiani, watu wakiwemo.

Kokoto alizifunga zile punje kwenye karatasi, akavaa kofia ngumu, akapanda ngazi za jukwaa mbili mbili.

Mchimbaji mkuu alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya geji, mkono mmoja kwenye breki. Watu wote walimwita Chuma. Kokoto peke yake alimwita shemeji, maana alikuwa kaka mkubwa wa mumewe.

"Shemeji, kijani kimeanza."

"Mita ngapi?"

"Pakiti ya vipande imeandikwa mia nane sitini na mbili."

Chuma hakugeuka. "Kisima cha kwanza, toka kijani kilipoanza mpaka mvuke zilikuwa mita ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Basi mvuke wangu uko mia tisa kumi na saba. Mimi nafika mia tisa na tano, nasimama, navalisha bomba, tunakunywa chai. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni tope. Jana lilikuwa limefunika chekeche lote. Leo linapita jembamba mpaka waya zinaonekana. Mimi naona kama pampu moja haisukumi."

"Wewe unaona waya, mimi nasikia injini mbili. Zisikilize."

Kokoto alizisikiliza. Kweli, chini kwenye banda la pampu injini mbili zilikuwa zikinguruma. Saa ya kuhesabu mapigo ya pampu ilikuwa imekufa tangu juma lililopita, vipuri havijaja, na Chuma alikuwa akitegemea sikio lake, sikio ambalo halijawahi kumwangusha kwa miaka ishirini na mbili.

Lakini Kokoto alikuwa ameshapiga hesabu ngazini. Pampu zikiwa mbili, kipande cha mwamba huchukua dakika ishirini na tano kupanda. Ikiwa moja, ni dakika hamsini. Mtambo unashuka nusu mita kila dakika. Kama pampu moja imekufa, pakiti zote za asubuhi zimeandikwa kina cha uongo. Kijani kilianza mita kumi na mbili juu zaidi, na mvuke uko mia tisa na tano, pale pale Chuma anapotaka kunywea chai.

"Simamisha kwanza tuhakikishe," alisema.

"Kwenye udongo huu unaovimba? Nikisimama kizembe bomba linanaswa, na kisima cha miezi minne nimekizika mwenyewe. Shemeji, nakuheshimu, lakini niletee ushahidi. Usiniletee hofu."

"Nitakuletea mchele."

Chuma akageuka kwa mara ya kwanza, akacheka. Alijua Kokoto anasema nini. Ni kipimo cha wachimbaji wa zamani: unatupa mchele ndani ya bomba linapofunguliwa kuongezwa kipande, unashika saa, unasubiri punje zitokeze kwenye chekeche. Kushuka na kupanda, pampu mbili zinaurudisha kwa dakika thelathini. Mchele haujui cheo cha mtu wala hauna shemeji.

"Ukipitisha dakika thelathini na tano?" Kokoto aliuliza.

"Nasimama. Naapa kwa kaburi la mama."

Jikoni, mpishi wa kambi alikuwa anachambua maharage. Ni mwanamume mnene, mwenye maneno mengi kuliko masufuria yake.

"Konzi mbili? Za kupika?"

"Za kutupa kisimani."

"Haya. Mlima nao umeanza kudai chakula cha mchana. Mwambie hapa foleni ni saa saba."

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kina kikiwa mita mia nane themanini na mbili, bomba lilifunguliwa. Kokoto akamimina mchele, vijana wa jukwaani wakaunga kipande kipya, na mtambo ukaanza kuzunguka tena.

Redio yake ya mkononi ikakoroma. Ni mumewe, fundi wa pampu.

"Mke wangu, unamwaga nini huko juu?"

"Mchele. Napima safari ya tope."

Redio ikakoroma tena.

"Kwa nini?"

"Nina wasiwasi na pampu. Kwani zako zikoje?"

"Ziko safi," alisema. "Zote mbili."

Kokoto alishusha pumzi. Mumewe hakuwa mtu wa kumdanganya. Pampu ya pili ilikuwa imemtesa sana mwezi huu, imekufa mara tatu, na mara ya mwisho Chuma alimfokea mbele ya watu wote: ikifa tena, funga begi urudi nyumbani, undugu tutaongea sikukuu. Tangu siku ile mume alikuwa akilala na spana chini ya mto. Kama anasema ziko safi, basi ziko safi.

Hata hivyo alikwenda kusimama kwenye chekeche, saa mkononi.

Chekeche lilikuwa likitikisika. Tope lilikuja kwa mfereji wa chuma uliofunikwa, uliotoka mdomoni mwa kisima, ukapita nyuma ya banda la pampu, ukamwagika juu ya waya. Kokoto hakupepesa macho. Dakika kumi, yaani mita tano. Dakika ishirini, mita kumi. Kama yeye ndiye mwenye ukweli, mtambo ulikuwa unashuka kuelekea kwenye mvuke wakati yeye amesimama anatazama tope, na hilo lilimkera kuliko kitu kingine.

Dakika ya ishirini na tisa, kitu cheupe kikaruka juu ya waya.

Kisha kingine. Kisha kumi, kisha waya wote ukawa kama umenyunyiziwa.

"Mchele!" kijana mmoja alipiga kelele. "Mchele umefika!"

Jukwaani watu wakapiga makofi. Sauti ya Chuma ikatoka kwenye redio, imejaa kicheko: "Dakika ishirini na tisa! Shemeji, rudi ukaoshe mawe yako. Na mchele huo usiupoteze, uupeleke jikoni."

Kokoto aliona uso unamwaka moto. Miaka minne chuoni, miaka sita kazini, na leo kachekwa na watu ishirini kwa konzi mbili za mchele. Akachota punje kadhaa kwenye waya kwa hasira tu, ili asimtazame mtu usoni. Akazisugua kwa kidole gumba. Zilikuwa nyeupe.

Akatia moja mdomoni, akaiuma.

Ikavunjika kah! Jino lilimuuma.

Kokoto akabaki ameshika shavu. Chini huko tope linachemka. Mchele ukikaa nusu saa kwenye maji ya moto, mtoto wa shule ya msingi anajua unakuwaje. Huu ulikuwa mkavu ndani, mgumu kama ulivyotoka gunia. Huu haujawahi kwenda popote.

Nyuma yake mtu akakohoa. Ni mpishi, kaja na bakuli tupu na malalamiko.

"Mama, na mimi nina bajeti yangu ya jikoni. Wewe umechukua konzi mbili, nikanyamaza. Mara mumeo naye anakuja mbio, jasho linamtoka, anachota konzi mbili bila hata salamu. Mna ugomvi gani na mchele wangu?"

Kokoto alitazama ule mfereji wa chuma, ulivyopita nyuma ya banda la pampu, na kifuniko chake kimoja kilichokaa upande. Halafu akakimbia.

Ndani ya banda makelele yalikuwa ya kuziba masikio. Pampu ya kwanza ilikuwa inapiga, nyundo nzito, moja mbili tatu. Ya pili injini yake ilinguruma vizuri tu, lakini mkono wake wa kusukuma ulikuwa umetenganishwa na injini, na tumbo la pampu liko wazi. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele yake, grisi mpaka viwikoni.

Alimwona mkewe, akasimama.

"Tangu lini?" Kokoto alipiga kelele.

"Alfajiri. Kiti cha valvu kilipasuka. Nimeshaweka kipya, mke wangu, angalia, zimebaki boliti nne. Nne tu! Nipe dakika kumi, pampu inapiga, hakuna atakayejua."

"Dakika kumi ni mita tano!"

"Kaka atanifukuza mbele ya watu wote. Unataka nirudi nyumbani kwa mguu gani?"

"Wewe umeniambia ziko safi. Mimi! Nimekuuliza kwa mdomo wangu!"

"Niliogopa."

Hapo, msomaji wangu, ndipo Kokoto alipojaribiwa. Mwenyewe alikiri baadaye. Alimtazama yule mwanamume, jinsi alivyokuwa bado ameshika spana, na kwa muda wa pumzi moja aliona huruma kubwa kuliko hofu. Boliti nne. Angegeuka tu, aende zake, aseme hakuona kitu.

Akabonyeza redio.

"Shemeji, simama. Mchele ule ni wa uongo. Pampu ya pili imekufa tangu alfajiri. Kijani kilianza mia nane hamsini. Simama sasa hivi!"

Kicheko hakikusikika tena. Chuma alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. "Kina mia tisa," alijibu, na mara mtambo ukalia, mzunguko ukapungua, ukasimama. "Nanyanyua bomba. Nazima pampu tusikilize kisima kinasema nini."

Pampu ya kwanza ikakata. Mume akaizima injini ya pili mwenyewe, polepole, mkono umelegea. Kimya kikaingia bandani.

"Mwongo mkubwa wewe," Kokoto alimwambia, akatoka.

Alirudi mbio kwenye chekeche. Pampu zikizimwa, tope nalo linatakiwa kusimama, kama bomba la nyumbani ukifunga koki. Alitaka kuliona linasimama. Aliomba lisimame.

Tope lilikuwa bado linatoka.

Lilitoka kwa nguvu kuliko mwanzo, linafuka moshi, na juu ya waya zikaanza kuruka punje za kijivu, zimevimba, zimepasuka vichwa. Kokoto akachukua moja. Ililainika vidoleni kama uji. Ni mchele wake. Ulikuwa umechelewa, umeiva, na umezungukwa na mchanga wa kijani tupu.

Pampu zote mbili zilikuwa zimezimwa. Basi nani alikuwa anasukuma?

"Shemeji!" sauti yake haikuwa yake. "Kisima kinatoka chenyewe!"

Chuma alikuwa ameshaona. Mkono wake ulitua kwenye kitufe chekundu, king'ora kikapasua anga, na chini ya jukwaa ile valvu kubwa ya kuziba mdomo wa kisima ikajifunga kwa kishindo. Akaiwasha pampu ya kwanza kusukuma maji baridi ndani. Kisha akatoa amri ambayo hakuwahi kuitoa tangu kisima kianze.

"Wote, juu! Kituoni! Acheni kila kitu!"

Kituo cha kukusanyikia kilikuwa juu ya mtelemko, upande upepo unakotokea. Palikuwa na ubao wa beji, meza ya dharura yenye geji na vitufe, na kabati la barakoa za hewa. Watu walipanda wakihema. Harufu ya mayai viza ilikuwa imeanza kuwafuata, na kila mtu alijua maana yake: gesi inatoka pamoja na mvuke. Ikikukuta imekolea, pumzi mbili zinatosha kukulaza.

"Raba ya valvu inavuja," Chuma alisema, macho kwenye geji ya mgandamizo wa kisima. "Nataka wawili wakaikaze kwa mkono." Vijana wawili wakavaa barakoa, wakashuka. Kabatini ikabaki moja.

Sindano ya geji ilikuwa inapanda. Pampu moja ilikuwa inasukuma maji baridi, na mvuke ulikuwa unayarudisha. Kila mtu pale aliweza kuhesabu.

"Ingekuwepo ya pili," mtu alinong'ona nyuma ya Kokoto.

Kokoto alikuwa kwenye ubao wa beji. Ndiyo desturi: ukifika kituoni unageuza beji yako. Zilikuwa ishirini na tatu. Alizihesabu kwa kidole. Ishirini zilizogeuzwa, mbili walizozirudisha vijana walioshuka na barakoa. Akahesabu tena, akianzia upande wa pili, kana kwamba jibu lingebadilika.

Beji moja haikuwahi kugeuzwa. Hakuwa na haja ya kuisoma.

"Shemeji. Mdogo wako yuko wapi?"

Chuma akainua uso, akatazama watu, mmoja mmoja. Kabla hajafungua kinywa, chini kule kwenye ukungu wa mvuke kitu kikaguguma. Kikakohoa, kikanyamaza, kikaguguma tena.

Halafu nyundo ikaanza kupiga. Moja, mbili, tatu. Na nyundo ya pili ndani yake, nzito, safi.

"Pampu mbili," mpishi alisema taratibu. "Hizo ni pampu mbili."

Sikio la Chuma halikuhitaji kuambiwa. Safari hii kweli zilikuwa mbili. Sindano ya geji ikasita, ikatetemeka, ikaanza kushuka. Watu wakapiga mayowe, wakakumbatiana, mmoja akarusha kofia juu.

Kokoto hakupiga yowe. Alikuwa anatazama mfuko wa upepo juu ya mlingoti. Tangu asubuhi ulikuwa umelala kuelekea bondeni. Sasa ulikuwa umenyong'onyea, ukageuka, ukajaa tena kuelekea banda la pampu, na gesi ingeufuata upepo huko huko.

Akaliendea kabati. Chuma akalifikia wakati huo huo.

"Nipe," alisema Chuma.

"Ni mume wangu."

"Ni mdogo wangu! Mama alinishika mkono akaniambia huyu nakuachia wewe. Mimi ndiye niliyemtisha mpaka akadanganya."

"Na mimi neno la mwisho nililomwambia ni mwongo mkubwa. Unataka aondoke nalo hilo?"

Walikuwa wameshika ukanda mmoja wa barakoa, kila mtu anavuta kwake, mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kuwaingilia. Chuma alikuwa analia. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akilia.

Ndipo nyundo moja ikakata. Ikabaki moja tu, ile ya pampu ya kwanza, ikipiga peke yake.

Mayowe yakakatika. Na kwa kuwa kelele zilikuwa zimepungua, wakasikia kitu kingine kilichokuwa kimefichwa nazo: mlio mwembamba, wa haraka, usiokoma. Ni kengele ndogo ya gesi, ile ambayo kila fundi huivaa kifuani.

Nyuma ya Chuma, sindano ya geji ikaanza kupanda tena. Vitufe vya valvu vilikuwa mezani, na katika watu wote waliosimama pale ni yeye peke yake aliyejua kuvitumia. Akaitazama sindano. Akawatazama watu wake. Akamtazama mke wa mdogo wake.

Akaachia ukanda.

"Mlete," alisema.